Waifai imejaa, intaneti haipo: kusaka tatizo ndani ya mipangilio ya ruta

Jumamosi moja saa tatu asubuhi mama wa ghorofa ya chini, yule anayeuza keki za harusi, alinigongea mlango. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshaninyooshea simu usoni. "Mwanangu, hebu ona. Waifai imejaa mistari yote, lakini hata sauti ya WhatsApp haiendi. Nimezima, nimewasha, mara tano. Na oda zangu zote za leo zimo humu."

Nilishuka na laptopu na waya mmoja wa mtandao. Sebuleni simu ya binti yake ilikuwa inacheza video bila wasiwasi. Ya mama haipati. Televisheni inapata. Baada ya robo saa mambo yakageuka: ya mama ikapata, televisheni ikagoma. Nikauliza swali ninaloanza nalo siku zote: kuna kitu gani kipya humu ndani? Kimya. Kisha mjukuu, kijana wa kidato cha tatu, akasema kwa sauti ya chini kwamba jana usiku alichomeka ruta ya zamani chumbani kwake ili waifai ifike kitandani.

Tutamrudia. Nimeanza naye kwa sababu matatizo mengi ya mipangilio ninayoitiwa hayakuletwa na radi wala na mtoa huduma. Yameletwa na mkono wa mtu wa nyumbani aliyegusa kitu, akasahau. Ndiyo maana kuzima na kuwasha hakusaidii: ruta inaamka na kosa lile lile, limehifadhiwa vizuri.

Kabla hujagusa

Chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya. Ukibadilisha mipangilio ya waifai ukiwa juu ya waifai hiyo hiyo, unakata tawi ulilokalia. Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta. Iko kwenye kibandiko chini yake, mara nyingi 192.168.0.1, 192.168.1.1, 192.168.8.1 kwa ruta nyingi za laini ya simu, au 192.168.100.1 kwa visanduku vingi vya faiba. Piga picha kila ukurasa utakaougusa. Kama kuna sehemu ya kuhifadhi nakala ya mipangilio, ihifadhi. Kisha badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadilisha vinne kwa mpigo na mtandao ukarudi, hutajua ni kipi kilichoponya, na mwezi ujao utaanza upya.

Kile kitobo cha kuingizia pini usikikimbilie. Kinarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, pamoja na jina la mtumiaji na nenosiri ambavyo fundi wa mtoa huduma aliviingiza siku ya kufunga. Kwenye kisanduku cha faiba hilo linaweza kukuacha bila intaneti hadi fundi arudi, na wewe unajua fundi anarudi lini.

Vipimo vitatu

Safari ya ujumbe ina vipande vitatu: kutoka kifaa chako hadi ruta, kutoka ruta hadi nje, na kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba. Kila kipande kina kipimo chake. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, tazama mstari wa "Default Gateway": hiyo ndiyo anwani ya ruta yako. Sasa andika moja moja (ping ni kuuliza "upo?" na kusubiri jibu):

ping 192.168.1.1 (weka anwani ya ruta yako)
ping 8.8.8.8 (seva ya Google, iko nje)
ping google.com

Ya kwanza ikigoma, tatizo liko ndani ya nyumba: waya, waifai, au anwani. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikagoma, ruta ndiyo haitoki nje. Mbili za mwanzo zikijibu na ya tatu ikagoma, intaneti ipo, ila hakuna wa kutafsiri majina, yaani DNS. Zote tatu zikijibu lakini bado unalalamika, basi shida ni kasi au ni programu moja tu. Kipimo hiki cha dakika mbili kinaokoa nusu siku ya kubahatisha.

Dalili: imeungwa lakini haina intaneti, na kila kifaa kina hadithi yake

Turudi kwa kijana. Ruta ya nyumba ilikuwa 192.168.1.1 na inagawa anwani kwa vifaa. Kazi hiyo ya kugawa ndiyo DHCP. Ruta yake ya zamani nayo ni 192.168.1.1 na nayo inagawa. Ameziunganisha kwa waya, zikawa ndani ya mtandao mmoja. Simu ikiingia, inapewa anwani na yule atakayewahi kujibu. Na hata ikipewa na ruta sahihi, ikiuliza "192.168.1.1 ni nani?" wanaitika wawili. Ikimsikia wa sebuleni, inapata intaneti. Ikimsikia wa chumbani, inapelekwa kwenye ukuta, maana ile haina njia ya kutoka. Baada ya muda simu inauliza tena na jibu linaweza kubadilika. Ndiyo maana vifaa vilikuwa vinapokezana ugonjwa.

Dawa yake ni fupi. Ruta ya pili ipe anwani tofauti ndani ya mtandao ule ule, tuseme 192.168.1.2. Zima DHCP yake kabisa. Waya utoke poti ya kawaida ya ruta ya kwanza, uingie poti ya kawaida ya ruta ya pili, siyo ile ya rangi tofauti iliyoandikwa WAN, yaani ya upande wa nje. Kama ruta ina hali ya AP kwenye menyu, yaani kusambaza waifai tu bila kugawa anwani, ichague tu, yenyewe itafanya yote hayo. Kisha zima na uwashe waifai ya kila simu ili ziombe anwani upya. Mama alipata oda zake kabla ya saa nne.

Dalili hiyo hiyo inaweza kuletwa na mambo mengine mawili. Tazama anwani ya kifaa kinachogoma. Ikianza na 169.254, kifaa kimejipa chenyewe baada ya kuomba na kukosa: ama DHCP imezimwa, ama anwani zimekwisha. Nimeona hili kwenye nyumba ya wageni. Ruta ilikuwa inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149, yaani anwani 50, na kila anwani inakopeshwa kwa saa 24. Mgeni aliyeondoka alfajiri bado "ameshika" nafasi yake hadi kesho. Ikifika jioni wageni wapya wanaona waifai, wanaweka nenosiri, hawapati kitu. Tukapanua hadi 192.168.1.250 na kupunguza muda wa mkopo kuwa saa 2. Angalia kipimo kabla ya kuandika: ruta moja inataka dakika, 120, nyingine inataka sekunde, 7200.

Sababu ya pili ni mtu kukipa kifaa anwani ya kudumu kwa mkono, mara nyingi printa au kinasa cha kamera, akachagua namba iliyo ndani ya zile zinazogawiwa. Siku ruta ikiigawa namba hiyo kwa simu, vinagongana. Usiandike anwani kwenye printa. Nenda kwenye ukurasa wa DHCP wa ruta, tafuta sehemu ya kutenga anwani, uifunge na kifaa hicho huko huko.

Dalili: intaneti inakufa kila siku saa zile zile

Hii naipenda kwa sababu ni ya kwetu. Dada mmoja alitaka watoto wasiwe mtandaoni kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Akafungua ratiba ya ruta, akaandika 3:00 hadi 11:00. Ruta haijui saa za Kiswahili. Ikafunga kuanzia saa tisa usiku hadi saa tano asubuhi. Watoto wakaangalia katuni mpaka wakasinzia wenyewe, na yeye mwenyewe asubuhi hawezi kuingia kwenye mkutano wa kazini. Akashinda wiki nzima akiwapigia huduma kwa wateja kulalamika kwamba "asubuhi mnanikatia". Ilitakiwa 21:00 hadi 05:00.

Hata ukiandika sawa, angalia saa ya ruta yenyewe. Ruta nyingi hazina betri ya kutunza saa; umeme ukikatika zinaamka na tarehe ya kale, nyingine mwaka 1970, mpaka zipate saa kutoka mtandaoni. Na kama eneo la saa limebaki 0 badala ya +3, ratiba nzima itachelewa kwa saa tatu kamili.

Dalili: kila kitu kinafanya kazi, ila kamera ya dukani haionekani ukiwa nje

Hapa ndipo watu wanapotumia pesa nyingi bure, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu amefunga kinasa cha kamera dukani. Akiwa dukani anaziona. Akiwa nyumbani hazioni. Fundi anamwambia "tufungue poti" (hapa siyo tundu la waya, ni mlango wa namba unaoruhusu aliye nje kuingia), anaingia kwenye ruta, anaandika namba za poti, analipwa, anaondoka. Bado hazionekani. Fundi wa pili anafanya vile vile kwa namba tofauti.

Kabla ya kufungua poti yoyote, linganisha namba mbili. Ya kwanza iko kwenye ukurasa wa hali ya ruta, palipoandikwa WAN IP. Ya pili utaipata kwa kuuliza kwenye kivinjari "what is my IP". Zikiwa sawa, una anwani yako halisi ya nje na kufungua poti kutafanya kazi. Zikitofautiana, kuna mtu mwingine katikati anayegawana anwani moja kwa wengi. Swali ni yupi.

Kama WAN IP inaanza na 192.168, mara nyingi mtu huyo ni kisanduku cha faiba kilichoko hapo hapo ukutani. Umefunga ruta yako nyuma ya ruta ya mtoa huduma, na zote mbili zinatafsiri anwani, kazi iitwayo NAT. Michezo ya mtandaoni italalamika, printa iliyo kwenye waifai ya mbele haitaonekana na laptopu iliyo kwenye waifai ya nyuma. Ama uigeuze ruta yako kuwa AP kama nilivyoeleza, ama uombe mtoa huduma akiweke kisanduku chake katika hali ya daraja, "Bridge" kwenye menyu, ili ruta yako ipokee anwani ya nje moja kwa moja. Mimi huanza na ya kwanza. Haihitaji ruhusa ya mtu. Ukilazimika kubaki na ruta mbili zote zikitafsiri, basi zisiwe na namba za familia moja: ya nje ikiwa 192.168.1.1, ya ndani iwe 192.168.50.1. Namba zikifanana pande zote mbili, ruta haijui ndani ni wapi na nje ni wapi.

Lakini kama WAN IP inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, aliye katikati ni mtoa huduma mwenyewe. Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima na hazitoshi, kwa hiyo kampuni zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Zile za 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Ruta za laini ya simu karibu zote ziko hivyo, na faiba nyingi za nyumbani pia. Ukiwa huko, fungua poti mpaka kesho: mlango uliofungua ni wa chumba chako, na geti la nje huna ufunguo wake. Yule aliyelipwa kukufungulia poti hakukudanganya makusudi, ila alipaswa kutazama namba hii kwanza.

Njia zilizopo ni tatu. Omba anwani ya nje ya kudumu. Mara nyingi inatozwa zaidi au iko kwenye vifurushi vya biashara tu. Au tumia programu ya simu ya mtengenezaji wa kamera, ambayo kinasa chenyewe kinaanza mazungumzo kutoka ndani kwenda kwenye seva zao, kwa hiyo hakihitaji mlango. Au funga VPN, njia ya faragha inayounganisha vifaa vyako kupitia intaneti, ya aina ya Tailscale kwenye kompyuta ya dukani, ambayo nayo inajichomoza kutoka ndani. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoitumia mimi.

Hata pale poti inapowezekana kufunguliwa, usijaribu ukiwa kwenye waifai ya dukani. Ruta nyingi haziruhusu kutoka na kurudi kwa mlango ule ule, utadhani imeshindikana kumbe inafanya kazi. Zima waifai, tumia bando la simu. Na badilisha nenosiri la kinasa kwanza. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilivamia kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu orodha ya manenosiri ya kiwandani. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuiangusha kampuni ya DNS ya Dyn, na tovuti kubwa zikapotea kwa saa kadhaa. UPnP nayo, inayoruhusu vifaa kujifungulia poti bila kukuuliza, huwa naizima.

Dalili: mistari imejaa, kasi haipo

Kabla ya kuilaumu waifai, pima kwa waya. Waya ukileta kasi unayolipia, tatizo ni la hewani. Waya ukileta karibu 94 Mbps kila mara wakati unalipia 200, usihangaike na chaneli; kuna mahali pamebanwa kwenye 100. Ama poti ya ruta ni ya 100, ama waya ni mbovu. Kasi ya 1000 inahitaji jozi zote 4 za nyaya ndani ya kebo; jozi ya bluu au ya kahawia ikikatika, vifaa vingi vinashuka kimya kimya hadi 100, mara nyingi bila onyo. Siku moja nilitoa kichwa cha waya kwenye ruta ya rafiki, nikakielekeza kwenye mwanga wa dirisha: nyaya nane zinaonekana kupitia plastiki, na ule wa kahawia umefika nusu tu, haujagusa shaba ya mbele. Kukata na kubana kichwa kipya kulichukua dakika tano. Alikuwa ameshapandisha kifurushi mara mbili.

Sasa hewani. Kwenye bendi ya masafa ya 2.4 GHz chaneli zimepishana MHz 5 tu, ilhali kila ruta inachukua upana wa MHz 20. Kwa hiyo zisizogusana ni tatu: 1, 6 na 11. Ukichagua 3 kwa kufikiri umekwepa msongamano, umejiweka katikati ya watu wa 1 na wa 6, unasikia kelele za wote. Pakua programu ya kuchunguza waifai kwenye simu ya Android, tazama majirani wamejazana wapi, chagua kati ya hizo tatu. Upana weka MHz 20. Kiwandani wengi huweka 40 au "Auto", na kwenye majengo ya ghorofa hiyo ni sawa na kuegesha lori kwenye nafasi mbili.

Usichague 12 wala 13 hata kama ziko tupu. Simu na televisheni zilizotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hazizioni, na vifaa vilivyotumika kutoka huko vimejaa mitaani kwetu. Waifai itaonekana kwa simu yako na kufichika kwa ya mgeni, na utamwona mgeni ndiye mwenye simu mbovu.

Kwenye 5 GHz kuna nafasi zaidi na kasi zaidi, ila kuta zinaimeza. Ukuta wa tofali za saruji, tangi la maji, kioo kikubwa, friji, vyote vinakula. Programu ile ile itakuonyesha nguvu kwa namba hasi: kwenye -50 uko vizuri mno, -67 bado simu ya video inaenda, ukipita -75 hamia 2.4 au sogeza ruta. Kuisogeza kutoka nyuma ya televisheni hadi juu ya kabati kumenisaidia kuliko kitufe chochote cha menyu. Kuongeza "Transmit Power" kunasaidia kidogo sana: ruta itapaza sauti, lakini simu lazima ijibu, na antena ya simu haijaongezewa chochote. Ndiyo hali ya mistari kujaa huku ujumbe hauendi.

Kama waifai ya 5 GHz inapotea ghafla kwa dakika moja hivi kisha inarudi yenyewe, tazama chaneli. Kati ya 52 na 144 ruta inagawana masafa na rada, za hali ya hewa zikiwemo, na sheria inaitaka inyamaze na kuhama ikisikia rada. Kabla ya kuanza tena kwenye chaneli mpya ya kundi hilo lazima isikilize kwa sekunde 60 au zaidi. Anayeishi karibu na uwanja wa ndege analijua hili hata kama hajui jina lake. Iweke kati ya 36 na 48, imekwisha.

Balbu, soketi na kamera ndogo za kisasa mara nyingi zinajua 2.4 tu. Ruta ikiunganisha bendi zote mbili kwa jina moja, wakati wa kuzifunga zinachanganyikiwa. Zitenganishe majina kwa muda, unga kifaa, ukitaka urudishe.

Dalili: mtu akipakia video, simu za wengine zinakwama

Kasi ipo, lakini mmoja akituma faili kubwa, aliye kwenye mkutano anakuwa roboti. Andika ping -t 8.8.8.8, acha iende, kisha pakia video. Ukiona majibu yanapanda kutoka ms 30 hadi mia kadhaa, ruta au modemu inapanga foleni ndefu mno badala ya kupitisha kwa zamu. Tafuta QoS (sehemu ya kupanga zamu), au SQM kama ruta inatumia programu huria ya OpenWrt, na uweke kikomo cha kupakia na kupakua kwenye asilimia 90 ya kasi uliyopima kweli, siyo iliyo kwenye tangazo. Unapoteza kasi kidogo, nyumba nzima inapumua. Kwenye ruta za laini ni vigumu kidogo maana kasi yenyewe inapanda na kushuka kutwa.

Dalili ndogo ndogo

Kipimo cha tatu kikigoma peke yake, badilisha DNS iwe 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Ibadilishe kwenye ukurasa wa DHCP pia, la sivyo simu zitaendelea kupewa ya zamani. Ukikuta humo namba usizozijua na ambazo mtoa huduma wako hakuziweka, badilisha nenosiri la ruta papo hapo na usasishe programu yake ya ndani. Simu moja tu ikigoma, tazama sehemu ya "Private DNS" kwenye Android; huenda mtu aliwahi kuandika kitu humo.

Baadhi ya tovuti zinafunguka na nyingine zinazunguka tu bila kosa: shuku MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja. Mtandao wa kawaida ni 1500, ukipitia PPPoE (njia ya kuingia kwa jina la mtumiaji na nenosiri la mtoa huduma) ni 1492. Jaribu ping -f -l 1464 8.8.8.8. Ikikataa kwamba pakiti ni kubwa, punguza kumi kumi mpaka ipite, jumlisha 28, andika jibu kwenye MTU ya ruta.

Printa ya zamani haiioni waifai tangu uliposasisha ruta: usalama umewekwa WPA3 pekee, ulinzi mpya ambao vifaa vya zamani havijui. Chagua mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Usirudi kwenye ulinzi wa kale wa WEP wala TKIP. Hiyo ya pili, licha ya udhaifu wake, inaishusha waifai hadi 54 Mbps.

Simu haiioni televisheni ingawa zote zina intaneti: mmoja yuko kwenye mtandao wa wageni, au kitu kiitwacho "AP Isolation", kinachozuia vifaa visionane, kimewashwa.

Ulifungia jirani kwa anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kifaa, na leo yumo tena. Simu nyingi tangu Android 10 na iOS 14 zinajitungia MAC ya bandia. Badilisha nenosiri, uachane na orodha hizo.

Ruta inajizima na kujiwasha hasa vifaa vikiwa vingi: pima adapta kabla ya menyu. Ruta ya 12V 1A iliyopewa adapta ya 12V 0.5A kutoka kwenye redio itawaka, itafanya kazi usiku, itakata jioni.

Pale ruta haina kosa

Taa ya LOS kwenye kisanduku cha faiba ikiwa nyekundu, mwanga haufiki. Uzi wa faiba umekunjwa, umechomoka, au umekatwa na wachimba mtaro. Hakuna mpangilio wa kuurudisha. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu kwa pamoja, watu Tanzania nzima walikuwa wanaziresetia ruta zao usiku kucha. Nilipigiwa simu na watu kumi na zaidi, na mmoja alikuwa ameshapoteza mipangilio yake ya PPPoE.

Ukipiga huduma kwa wateja, kuwa na haya mkononi: rangi ya kila taa, majibu ya zile ping tatu ukiwa kwenye waya, WAN IP unayoiona, na saa tatizo lilipoanza. Mhudumu atakwambia uzime uwashe. Mwambie umeshafanya, kisha msomee namba.